Jeep ya ndugu, RAV4 yetu na mchanga wa Silver Lake: tujiandaeje?

SWALI: Tunaishi Grand Rapids, Michigan, na tunataka kwenda Silver Lake wikendi moja ya Julai, kule wanakoendesha magari kwenye vilima vya mchanga. Mdogo wangu anakuja kutoka Indianapolis na Jeep Wrangler yake, sisi tuna RAV4. Watoto wana miaka 14 na 9, wote wanataka kushika usukani. Mama yangu, mwenye miaka 67, amesema haachwi nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuendesha mchangani. RAV4 inaweza kuingia? Watoto wanaruhusiwa? Siku mbili tuzipangeje? – Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, salamu nyingi kwako na kwa mama. Nianze na RAV4, maana ndiyo itakayoamua mengine. Iache kwenye maegesho.

Najua inavyokuvusha kwenye theluji ya Januari, na kwa kazi hiyo ni gari zuri. Mchanga ni jambo jingine. RAV4 haina gia nzito ya fowili (ile ya 4-Low, ya mwendo mdogo na nguvu nyingi), tumbo lake liko chini, na kompyuta yake ikiona matairi yanazunguka bure inakata nguvu ya injini. Kwenye barafu hilo linakuokoa. Kwenye mchanga linakuzamisha, kwa sababu nguvu inakatwa sekunde ile ile unapoihitaji. Gari linasimama, unakanyaga mafuta, linakaa kitako. Nimeshayavuta magari ya namna hiyo, na mara nyingi bampa la mbele ndilo linalolipa gharama. Jeep ya mdogo wako imeundwa kwa shughuli hii. Ingieni na hiyo, na kama nafasi haitoshi, kodini gari la pili pale pale. Nitakuja kwenye kukodi.

Kwanza mjue mahali penyewe. Vilima vya Silver Lake vimekaa kati ya maziwa mawili: Ziwa Michigan magharibi, na Silver Lake yenyewe, dogo na la kina kifupi, mashariki. Eneo limegawanywa. Kaskazini ndiko kwenye uwanja wa magari, kama ekari 450. Katikati ni kwa watembea kwa miguu peke yao. Kusini ndiko yanakopita magari ya watalii ya Mac Wood's, wanaofanya kazi hiyo tangu 1930. Kutoka kwenu ni mwendo wa saa moja na nusu hivi: mnaelekea Muskegon, kisha US-31 kaskazini hadi Shelby au Hart, halafu mnakata kushoto kuelekea Mears. Jazeni mafuta Hart. Mchanga unakunywa mafuta kuliko mnavyodhani.

Karatasi nizipitie haraka. Uwanja hufunguliwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Kila gari linaloingia, hata lenye namba za Indiana, linahitaji stika ya Michigan ya ORV, yaani ya vyombo vinavyoendeshwa nje ya barabara, pamoja na kibali cha njia. Kwa miaka kadhaa bei yake imekuwa dola 36.25 kwa pamoja, na inatumika kuanzia Aprili hadi mwisho wa Machi. Mdogo wako ainunue mtandaoni kwa idara ya maliasili, DNR, kabla hajaondoka nyumbani. Kuingia hifadhini kunahitaji pia Recreation Passport, kibali cha gari kuingia hifadhi za jimbo la Michigan. Huenda ninyi mmeshailipia mlipohuisha namba za RAV4, angalieni kwenye kile kikaratasi, lakini Jeep ya Indiana italipia ya kwake. Na lazima Jeep iwe na bendera ya rangi ya chungwa kwenye mti mrefu, ncha yake ikifika angalau futi 10 kutoka ardhini. Maduka ya jirani yanaziuza. Msiichukulie bendera kama pambo la kumridhisha askari wa hifadhi. Sababu yake mtaiona mtakapofika kwenye kilele cha kwanza.

Sasa upepo wa matairi. Ningekuwa na sentensi moja tu ya kukuandikia, ingekuwa hii: punguzeni upepo kabla hamjakanyaga mchanga. Niliendesha watalii Arusha na Serengeti miaka kumi kabla ya kuja huku, na leo kazi yangu ni matairi. Magari mengi niliyowahi kuyaona yamekwama mchangani yalikuwa na upepo wa barabarani.

Jeep itafika na psi 35 au zaidi. Ishusheni hadi 15. Shukeni, chuchumaeni kando ya tairi, fungueni kifuniko cha valvu, bonyezeni kile kipini cha katikati kwa ncha ya funguo. Upepo utatoka kwa mluzi, na vidole vitahisi ubaridi. Msiangalie geji peke yake, tazameni tairi lenyewe. Mwanzoni limesimama wima kama mtungi. Likifika 20 linaanza kulegea, na kwenye 15 ubavu wake unatokeza tumbo dogo juu tu ya ardhi. Tumbo hilo ndilo linalowabeba. Tairi linalegea kwa urefu, linaacha wayo mrefu kama wa ngamia, na uzito wa gari unatawanyika badala ya kuchimba. Msishuke chini ya 12, kwa sababu mkikata kona kwa nguvu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na hapo siku imekwisha. Matairi yote manne yawe sawa. Mpe Baraka geji. Mtoto wa miaka 14 akikabidhiwa kazi hiyo anaifanya kwa makini kuliko mtu mzima, na atakuwa ameanza kujifunza kuendesha kabla hajagusa usukani.

Mkitoka, rudisheni upepo kabla ya kuingia lami. Tairi lenye psi 15 kwenye mwendo wa barabara kuu linachemka hadi linapasuka. Nunueni pampu ndogo inayotumia betri ya gari, au tafuteni pampu ya hewa karibu na lango, ila muda wa foleni yake muuweke kwenye hesabu.

Mkishaingia, mdogo wako afanye nusu saa ya kwanza kwenye sehemu tambarare. Aweke gia nzito ya fowili. Azoee jinsi usukani unavyokuwa mwepesi na jinsi gari linavyokawia kugeuka. Azoee pia kusimama bila kukanyaga breki kwa nguvu, yaani aachie mafuta tu na mchanga utamshika. Breki kali zinajenga ukuta wa mchanga mbele ya kila tairi, na kuondoka hapo ni shida. Akisimama, asimame mahali gari linapotazama mteremko.

Kisha vilima. Kilima hupandwa moja kwa moja, pua ikitazama kileleni. Mwendo unachukuliwa chini, kwenye tambarare. Ukiwa katikati ya mlima umechelewa kuutafuta. Ikitokea nguvu zimeisha kabla ya kufika, na itatokea, kosa kubwa ni kujaribu kugeuza gari pale pale mlimani. Likikaa ubavu dhidi ya mteremko linabingirika. Asimame, aweke rivasi, arudi chini kwa kufuata alama zake mwenyewe, usukani umenyooka, injini ikimshikilia. Hakuna aibu. Pale kuna kilima kinaitwa Test Hill, na mtakaa chini yake mkiwaona watu wenye magari ya gharama kubwa wakirudi kinyumenyume mara tatu, mara nne.

Lakini hatari kubwa iko juu, pale unapodhani umeshinda. Upepo wa huku unavuma zaidi kutoka magharibi, kutoka Ziwa Michigan. Unausukuma mchanga taratibu kupanda upande wa magharibi, halafu mchanga unaporomokea upande wa pili. Kwa hiyo vilima vingi vina mteremko mpole upande wa ziwa kubwa, na upande wa mashariki vimekatika ghafla, karibu na pembe ya digrii 34, ambayo ndiyo mwisho wa mchanga mkavu kujishikilia. Aliyefika Olduvai atakuwa ameoneshwa kile kilima cha majivu meusi kinachohama mbugani mita kadhaa kila mwaka. Hapa ni vivyo hivyo, ila mchanga ni wa rangi ya dhahabu na unahamia mashariki, upande wenye nyumba za watu. Maana yake kwa dereva ni kwamba kilima alichokivuka jana bila shida, leo kinaweza kuwa na ukingo mpya.

Ndiyo maana namsihi mdogo wako: asivuke kilele chochote ambacho hajaona upande wake wa pili. Akaribie juu akiwa ameshapunguza mwendo kiasi cha kuweza kusimama kileleni. Kabla ya hapo atazame juu ya mgongo wa kilima, je, kuna ncha ya chungwa inayosogea? Hiyo ni bendera ya gari linalopanda kutoka upande wa pili, na dereva wake naye hawaoni. Kama hana uhakika, mtu mmoja ashuke akiwa bado chini, apande kwa miguu pembeni kabisa ya njia, atazame, apunge mkono. Ni dakika mbili. Niliwahi kuwa abiria wa rafiki aliyeona dakika mbili ni nyingi. Tulipita kileleni na mafuta yakiwa yamekanyagwa, gari likaruka na kutua kwa pua, si juu sana, labda kimo cha meza. Mikanda ilitushika. Lakini mwenzetu wa kiti cha nyuma aliumia pingili ya uti wa mgongo, akakaa wiki nyingi bila kuweza kuinama. Mchanga unaonekana laini kama godoro. Gari likitua juu yake ni mgumu kama sakafu.

Saa nazo zina maneno yake. Saa sita hadi saa tisa mchana, jua la Julai likiwa utosini, vivuli vinapotea na mchanga wote unaonekana sawasawa. Shimo lenye kina cha mita moja hulioni mpaka umo ndani. Asubuhi na jioni vivuli vinachora kila bonde. Zaidi ya hapo, mchanga wa asubuhi una umande, umeshikana, unabeba gari. Mchana umekauka na unatiririka. Kwa hiyo Jumamosi amkeni mapema, mfike kabla lango halijafunguliwa, kwa sababu wikendi za Julai foleni hurefuka haraka. Wikendi ya tarehe 4 Julai iacheni kabisa. Kwa wageni wa mchanga, msongamano ni hatari kuliko vilima vyenyewe.

Mtakwama. Nalisema mapema ili siku hiyo msigombane. Dalili ni moja: gari haliendi na nyuma panarushwa mchanga. Hapo hapo mguu utoke kwenye mafuta. Kila sekunde ya kukanyaga ni sentimita kadhaa za kuchimba kwa koleo. Fukueni mbele na nyuma ya kila tairi, ondoeni mchanga uliogusa tumbo la gari, shusheni upepo kidogo tena kama bado uko juu ya 12, kisha mrudi nyuma polepole kwenye alama zenu. Mara nyingi hiyo inatosha. Bebeni koleo fupi, mbao mbili au zile sahani za plastiki za kuweka chini ya tairi, na maji mengi.

Ikibidi kuvutwa, sikilizeni vizuri: mkanda wa kuvutia ufungwe kwenye ndoano zilizoshikamana na chesisi, zile alizoweka mtengenezaji. Usifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela. Kichwa hicho kinaweza kukatika, na mkanda uliovutika unakirusha kama risasi ya mzinga. Watu wamekufa hivyo. Wote walio chini wasimame mbali kuliko urefu wa mkanda, na watoto wakae mbali zaidi, na wasikae nyuma ya gari lolote. Kama anayejitolea kuwasaidia ana haraka na anafunga ovyo, mshukuruni na mkatae.

Tuje kwa watoto. Sheria ya Michigan iko wazi: aliye chini ya miaka 16 haendeshi chombo cha ORV bila cheti cha mafunzo ya usalama, na hata akiwa nacho lazima mtu mzima awe anamwona kwa macho muda wote. Aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kuendesha pikipiki ya magurudumu manne kwenye maeneo kama haya. Kwa hiyo mdogo wa miaka 9 ni abiria, na jibu hilo mpeni nyumbani, msingoje aje alie langoni. Baraka anaweza kusoma kozi mtandaoni kuanzia sasa, Julai bado ina nafasi. Lakini hata akipata cheti, mwaka huu nisingemkabidhi Jeep ya mjomba wake kwenye uwanja wenye watu wengi. Mahitaji ya kukodi pia yatamzuia, maana wakodishaji huwa wanataka dereva mtu mzima mwenye leseni. Cheti kitamsaidia mwakani, na kozi yenyewe itamfanya abiria mwenye macho. Mpeni kazi ya kutazama bendera.

Kwa pikipiki za magurudumu manne na vigari vilivyo wazi, helmeti na miwani ni lazima. Ndani ya Jeep, mikanda muda wote, hata kwenye tambarare, na mikono isitoke nje. Kila kitu kilicholegea kifungwe. Chupa ya maji ya lita moja ikiruka ndani ya gari inavunja meno. Na dereva hanywi, si kopo moja, kwani sheria ya ulevi inamfuata hadi mchangani.

Kuhusu kukodi. Vigari vya kukodi viko vingi karibu na ziwa na wikendi za Julai vinaisha mapema, kwa hiyo wekeni nafasi wiki kadhaa kabla. Ulizeni mambo matatu kwa simu: stika na bendera zimo? Dhamana ni kiasi gani? Gari likipinduka au likivunjika, nani analipa na mpaka kiasi gani? Mdogo wako naye aipigie kampuni ya bima ya Jeep aulize kama inamlinda akiwa kwenye vilima, na ajibiwe kwa maandishi. Mkataba mtapewa mbele ya foleni, kurasa kadhaa za Kiingereza cha wanasheria, na kijana wa kaunta atakuwa anagonga kalamu. Soma. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba nakala uitumiwe siku moja kabla, uketi nayo nyumbani na mtu wa kukusaidia. Niliipeleka familia moja ya kwetu pale, wakalipishwa chuma cha mbele kilichopinda, na mimi nina uhakika kilikuwa kimepinda tulipokipokea. Hatukuwa na ushahidi. Tangu siku ile napiga video ya kigari chote kabla sijakitia funguo: matairi, vyuma vya chini, bodi, viti, geji ya mafuta, huku nikitaja tarehe na saa kwa sauti. Narudia wakati wa kukirudisha, mbele ya mhusika.

Mama yako nimemwacha mwisho, ila katika mpango wenu namweka mbele. Kwenye Jeep ya dereva anayejifunza, mgongo wa miaka 67 hauna kazi. Jumamosi hiyo hiyo, mdogo wako na Baraka wakiwa uwanjani, ninyi na mtoto mdogo pandeni gari la Mac Wood's. Dereva ni mtu wa kazi hiyo, anapita vilima anavyovijua, anasimulia njiani, na mama ataliona Ziwa Michigan kutoka juu ya mchanga bila kuvunjika kiuno. Muulizeni wa tiketi viti visivyorusha sana, na kama mama ana tatizo la mgongo au moyo mseme wazi kabla ya kupanda.

Saa sita mchana wote tokeni mchangani. Leni, lalani kivulini, watoto waoge upande wa Silver Lake, ambako maji ni ya kina kifupi na yana joto. Saa kumi na moja jioni, kama dereva bado ana nguvu, rudini uwanjani kwa saa moja na nusu. Mtaona vilima vile vile vimekuwa na sura nyingine.

Jumapili nisingerudi na gari. Wageni wengi huumia siku ya pili, wanapoona wameshajua. Tembeeni eneo la miguu asubuhi kabla mchanga haujawaka, mvuke vilima hadi Ziwa Michigan, kila mmoja na chupa yake ya maji na viatu mkononi vya kuvaa wakati wa kurudi. Kuogelea upande huo mtazame bendera za ufukweni na mawimbi. Ziwa hilo lina mikondo inayovuta watu wazima. Kisha mteremke kusini kwenye mnara wa taa wa Little Sable Point, wa matofali, uliojengwa 1874. Mama atakaa kwenye mchanga wa chini, watoto watapanda ngazi.

Mahali pa kulala ndipo pa kushughulikia leo hii. Viwanja vya kambi vya hifadhi za Michigan vinafunguliwa kwa kuweka nafasi miezi sita kabla, na vya Julai huondoka siku ile ile. Kama vimeisha, tazameni kila asubuhi, watu huahirisha. La sivyo tafuteni chumba Hart au Shelby, au mlale nyumbani kwenu na kuamka saa kumi alfajiri. Njiani mtapita mashamba ya asparaga na ya cheri, na Julai ndio msimu wa cheri, zinauzwa vibandani kando ya barabara. Mnunulie mama.

Kabla mdogo wako hajashika njia ya Indianapolis, aoshe Jeep chini kwa maji mengi, hasa breki na chesisi, akung'ute chujio la hewa, akaze upya nati za magurudumu. Na aangalie geji kwa mara nyingine: psi 35, matairi yote manne.